Mafuta ya Mitishamba ya Bara Hindi na Safari Yake Kufika kwa Waislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akamvika ngozi iwe stara ya mwili wake na ngome ya viungo vyake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Kila mwaka, mvua zikisha kukatika mwishoni mwa Mei, kiangazi huingia katika Bujumbura na pwani zote za Ziwa Tanganyika, na hudumu mpaka Septemba. Vumbi hutimka, upepo mkavu huvuma kutoka milimani, na ngozi za watu huanza kulalamika. Nyayo hupasuka, miguu hupauka kama iliyopakwa majivu, watoto hujikuna usiku hata shuka zikaingia damu, na wazee hukosa raha ya usingizi. Hapo ndipo watu huenda madukani kutafuta mafuta. Na miongoni mwa mafuta hayo mna chupa zitokazo Bara Hindi, zenye picha za majani na maua, na maandishi ambayo wanunuzi wengi hawawezi kuyasoma.

Kwa chupa hizo huulizwa maswali matatu. La kwanza: je, ni halali kwa Mwislamu kujitibu kwa dawa iliyobuniwa na watu wasio wa dini yake? La pili: mafuta hayo yakiwa mwilini, udhu unasihi? La tatu: mtu atajuaje kuwa kilichomo ndani ya chupa ni dawa wala si sumu? Maswali haya si mageni. Waislamu wa zamani waliyakuta kabla ya watu wa leo kuzaliwa, wakayajibu kwa elimu na kwa vitendo. Kwa hiyo inafaa tarehe ya mafuta haya isimuliwe kwa taratibu, tangu asili yake mpaka kufika kwake, ili mwenye kuyatumia ayatumie kwa ujuzi, na mwenye kuyaacha ayaache kwa hoja.

ASILI YAKE KATIKA BARA HINDI

Utabibu wa kale wa Wahindi huitwa Ayurveda. Neno hili ni la lugha ya Kisanskriti, na maana yake ni elimu ya uhai. Vitabu vyake vikubwa ni viwili, kimoja kinanasibishwa na tabibu Charaka na kingine na tabibu Sushruta, na umri wake unapita miaka 1500. Baada yao, yapata karne ya 7, alitokea Vagbhata aliyekusanya maneno ya waliomtangulia katika kitabu kiitwacho Ashtanga Hridayam, nacho ndicho kitabu kilichopendwa zaidi na matabibu wa Malabari, nchi iliyo pwani ya kusini-magharibi ya Bara Hindi.

Matabibu hao walisema kwamba mwili wa mtu unaendeshwa na nguvu tatu: upepo, nyongo na kohozi. Zikiwa sawasawa mtu huwa mzima, na moja ikizidi mtu huugua. Tabia ya upepo ni ukavu, ubaridi na ukwaruzaji. Basi ngozi ikikauka, ikapasuka na kuwasha, wao husema upepo umezidi, na dawa yake ni kitu kilicho kinyume chake, yaani kilicho laini, kizito na chenye uvuguvugu. Kitu hicho ni mafuta. Ni jambo la kupendeza kwamba neno la Kisanskriti kwa unyevu wa mafuta, sneha, ndilo neno lilo hilo kwa mapenzi na huruma. Na neno lao la mafuta, taila, limetokana na tila, yaani ufuta. Kwa kuwa mafuta ya ufuta ndiyo yaliyokuwa kichwa cha mafuta yote kwao.

Vagbhata aliusia mtu ajipake mafuta kila siku, na hasa asisahau kichwa, masikio na nyayo. Lakini hakuusia hivyo kwa kila mtu. Aliwakataza wenye maradhi ya kohozi, na wenye tumbo lisilosaga chakula, na waliotoka kunywa dawa ya kuharisha. Hapa pana fundisho la mapema: hata wenyewe walioanzisha elimu hii hawakusema kuwa mafuta yanamfaa kila mtu kwa kila hali.

JINSI YANAVYOPIKWA

Watu wengi hudhani kuwa mafuta ya mitishamba ni majani yaliyotiwa ndani ya mafuta yakaachwa. Sivyo. Kanuni ya kale ni ya vipimo. Huchukuliwa sehemu moja ya dawa iliyosagwa mpaka ikawa kama uji mzito, sehemu nne za mafuta, na sehemu kumi na sita za maji ya dawa, ambayo ni maji yaliyochemshwa pamoja na magome au mizizi, au maji yaliyokamuliwa katika majani mabichi, au wakati mwingine maziwa. Vyote hivi hutiwa katika chungu kipana na kupikwa kwa moto mdogo, na mpishi hukoroga bila ya kuchoka ili dawa isishike chini ikaungua. Kazi hii huweza kuchukua siku nyingi.

Alama za kuiva zinajulikana. Mpishi huchota ule mashapo wa dawa akausokota baina ya vidole. Ukikubali kusokotwa kama utambi, mafuta yamekaribia. Kisha huutupa kidogo motoni. Ukilia na kutatarika, maji yamo bado, na ukiungua kimya, maji yamekwisha. Na povu hupanda juu ya mafuta. Yakitolewa kabla ya wakati, maji yaliyobaki huyaozesha. Yakipitishwa wakati, dawa huungua na faida yake hupotea. Kwa hiyo mpishi mwaminifu hauzi mafuta yake mpaka ayajaribu, na mwenye haraka hudanganya watu hata kama hakukusudia.

Miongoni mwa mafuta ya ngozi yanayojulikana sana Malabari ni yale yaitwayo Nalpamaradi. Jina hilo linatokana na miti minne ya jamii ya mikuyu, ambayo magome yake hupikwa pamoja na manjano katika mafuta ya nazi au ya ufuta. Mengine huitwa Eladi, na kiongozi wa dawa zake ni iliki, ambayo kwa lugha yao ni ela. Iliki, manjano, nazi na ufuta: hakuna mama wa Kiswahili asiyevijua vitu hivi jikoni mwake. Ugeni uko katika jina na katika ufundi wa kupika, si katika vitu vyenyewe.

ELIMU YAFIKA BAGHDAD

Waarabu walivijua vitu vya Bara Hindi hata kabla ya kuvijua vitabu vyake. Tangawizi inayotajwa katika Sura ya Insan, zanjabil, wataalamu wa lugha wanaeleza kuwa asili ya jina lake ni Bara Hindi. Na katika hadithi sahihi aliyoipokea Imamu Bukhari kutoka kwa Ummu Qays binti Mihsan (r.a.), Bwana Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza watu watumie udi wa Kihindi, akaeleza kuwa ndani yake mna ponyo saba. Udi huo ni mzizi wa mmea uotao katika milima ya Kashmir. Basi Mtume mwenyewe alitaja dawa kwa jina la nchi iliyoitoa, na watu wa nchi ile wakati huo hawakuwa Waislamu. Wala hakuona haya kuitaja wala hakuwakataza watu kuitumia.

Mji wa Baghdad ulijengwa mwaka 762 kwa amri ya Khalifa Abu Jaafar al-Mansur. Katika zama za Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 786 mpaka 809, mawaziri wake walikuwa watu wa nyumba ya Barmaki. Asili yao ni mji wa Balkh, ambako wazee wao walikuwa walinzi wa hekalu la Kibudha kabla ya kusilimu. Na kwa sababu hiyo waliijua thamani ya elimu za Wahindi kuliko wengine. Waziri Yahya bin Khalid al-Barmaki aliwaita Baghdad matabibu wa Kihindi. Ibn al-Nadim, katika kitabu chake Al-Fihrist kilichoandikwa yapata mwaka 987, anaeleza kuwa Mhindi mmoja aitwaye Manka alifasiri kitabu cha Sushruta kwa amri ya Yahya kipate kutumiwa hospitalini, na kwamba Mhindi mwingine, Ibn Dahn, alikuwa msimamizi wa hospitali ya Barmaki. Kitabu cha Charaka nacho kilifasiriwa.

Baadaye, mwaka 850, tabibu Ali bin Sahl Rabban al-Tabari alimaliza kitabu chake Firdaws al-Hikma, na akakikhitimisha kwa milango 36 juu ya utabibu wa Wahindi. Abu Bakr al-Razi naye aliwataja matabibu wa Kihindi katika kitabu chake kikubwa Al-Hawi. Na Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alijifunza Kisanskriti, akaandika kitabu juu ya Bara Hindi yapata mwaka 1030, akakitaja kitabu cha Charaka na fasiri iliyofanyiwa watu wa Barmaki.

Msomaji na azingatie jinsi watu hawa walivyofanya. Hawakusema kuwa elimu ya mshirikina ni haramu kwa kuwa ni yake, wala hawakuipokea yote kwa macho yaliyofumbwa. Walifasiri, wakapima, wakalinganisha na tiba ya Wayunani waliyoijua, yenye mihilti minne ya damu, balghamu, safura na sauda. Iliyothibiti waliitumia, na ibada za masanamu zilizochanganyika nayo wakaziacha kwa wenyewe. Huu ndio mwendo wa Waislamu walipokuwa na nguvu na elimu. Anayeogopa kila kigeni hakuurithi mwendo huo, na anayemeza kila kigeni hakuurithi pia.

WAISLAMU WA BARA HINDI

Waislamu walipotawala Delhi, tiba mbili zilikaa jirani: Ayurveda ya Wahindi, na tiba iliyoitwa Yunani, ambayo ni ile ya Ibn Sina na wenziwe. Mwaka 1512 tabibu Bhuwa bin Khawas Khan aliandika kwa Kifarsi kitabu kiitwacho Maadan al-Shifa, akakitoa heshima kwa Sultani Sikandar Lodi. Kitabu hicho kilikusanya maneno ya Charaka, Sushruta, Vagbhata na wengineo. Mwislamu akifanya kazi kwa Sultani Mwislamu aliona kuwa dawa za nchi na hali ya hewa ya nchi ni vitu vinavyojuana, na kuwa tabibu wa Delhi hawezi kutegemea dawa za Ugiriki peke yake.

Jambo hilo lilidhihiri tena katika zama za ukoloni. Serikali ya Kiingereza ilipotaka kuwapa daraja matabibu wa Kizungu peke yao, aliyesimama kuzitetea tiba mbili za asili kwa pamoja alikuwa Mwislamu, Hakim Ajmal Khan wa Delhi, aliyezaliwa mwaka 1868. Kuanzia mwaka 1910 aliwakusanya matabibu wa Yunani na wa Ayurveda katika baraza moja. Jiwe la msingi la chuo chake cha tiba mbili hizo liliwekwa Delhi mwaka 1916, na tarehe 13 Februari 1921 chuo kikafunguliwa na Mahatma Gandhi. Hakim huyu hakuwaambia wanafunzi wake wachukie elimu ya Kizungu; aliwataka waipime elimu yao kwa mizani ya uchunguzi. Alifariki mwaka 1927. Na mwaka 1964 serikali ya India ilibadilisha sheria yake ya madawa ya mwaka 1940, ikaziingiza dawa za Ayurveda na Yunani chini ya ukaguzi.

MALABARI, NCHI YA FAT-HUL-MUIN

Sasa tarehe hii inafika mahali ambapo wanafunzi wa vyuo vya Kishafii wa Afrika ya Mashariki watajiona wako nyumbani. Malabari, ambayo leo imo katika jimbo la Kerala, ni nchi ya Waislamu waitwao Mapila, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Imamu Shafii kama walivyo Waswahili. Katika mji wa bandari wa Ponnani, karne ya 16, aliishi Sheikh Zainuddin bin Abdulaziz al-Malibari. Huyu ndiye mwandishi wa Fat-hul-Muin, kitabu cha fikihi kilichosomeshwa misikitini tangu Lamu mpaka Zanzibar, na kutoka huko elimu yake ikapanda bara pamoja na masheikh.

Ponnani na mji mdogo wa Kottakkal leo vimo katika wilaya moja, Malappuram, ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu. Na ni hapo Kottakkal ambapo mwaka 1902 tabibu wa Kihindu, P. S. Varier, alianzisha nyumba ya dawa iitwayo Arya Vaidya Sala. Wakati ule kila tabibu alimwandikia mgonjwa dawa, na mgonjwa alikwenda kutafuta mizizi na kupika mwenyewe nyumbani kwake. Varier aliona kuwa dawa zinaharibiwa kwa upishi mbaya, akaanza kuzipika kwa vipimo na kuziuza zikiwa tayari. Nyumba hiyo ipo mpaka leo.

Sheikh wa Ponnani aliishi katika nchi ambayo kila mtu hujipaka mafuta kabla ya kuoga. Basi si ajabu kwamba katika mlango wa udhu alilieleza jambo la mafuta kwa uwazi. Alisema kuwa ni katika masharti ya udhu kusiwe na kizuizi baina ya maji na kiungo kinachooshwa, mfano wa chokaa, nta na mafuta yaliyoganda; ama mafuta yanayotiririka hayazuii, hata kama maji hayatulii juu ya kiungo. Jawabu la swali la pili ni hilo, nalo limetoka katika nchi ile ile inayopika mafuta haya. Mwenye kujipaka mafuta ya maji ya nazi au ya ufuta atatawadha na kuswali bila ya wasiwasi. Mwenye kupaka malhamu iliyoganda ikafanya tabaka juu ya ngozi, ataiondoa kwanza. Na kupaka mafuta juu ya ngozi hakumfunguzi aliyefunga. Ama aliyehirimia Hija au Umra, katika madhehebu ya Shafii hatopaka mafuta nywele za kichwa wala ndevu mpaka atoke katika ihramu.

KUFIKA KWAKE KATIKA NCHI HIZI

Pepo za kaskazi na kusi ziliunganisha Malabari, Gujarat, Arabuni na Afrika ya Mashariki kwa karne nyingi. Majahazi yalileta nguo, viungo na dawa. Yakarudi na pembe, boriti na bidhaa nyingine. Mwarobaini, mti ambao jina lake linatangaza maradhi arubaini, asili yake ni Bara Hindi, na leo umeota mpaka katika nyua za watu wasiopata kuiona bahari. Liwa ya msandali na manjano wanayosingwa nayo maharusi wa pwani ni ndugu wa dawa za ngozi za Wahindi.

Bidhaa hizi zilipanda bara kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji. Waswahili na Wamanyema waliokaa pwani za Ziwa Tanganyika walikuja na dini yao, lugha yao na vikapu vyao vya dawa. Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na tangu hapo mizigo iliyoshushwa bandarini ilipakiwa katika meli za ziwani mpaka Bujumbura, mji ambao wakati ule uliitwa Usumbura. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka, na mtaa wa Buyenzi ukawa makao ya Waislamu wa makabila mbalimbali.

Lakini isidhaniwe kuwa watu wa nchi hizi walikuwa hawajui mafuta mpaka walipoletewa. Wafugaji wa Burundi na Rwanda walijipaka siagi ya ng'ombe tangu zamani, na watu wa kando ya ziwa walikamua mawese. Waligundua wenyewe, kama walivyogundua Wahindi na Waarabu, kwamba ngozi kavu hutulizwa kwa mafuta. Ibn al-Qayyim wa Dameski, aliyefariki mwaka 1350, alieleza katika maneno yake juu ya tiba ya Mtume kuwa kujipaka mafuta ni katika mambo makubwa ya kuhifadhi afya kwa watu wa nchi za joto kama Hijazi, na kuwa watu wa nchi za baridi hawana haja nayo kama hao. Basi yeye naye aliitazama nchi kabla ya kuitoa dawa.

YALIYOTHIBITI KATIKA ZAMA HIZI

Wachunguzi wa leo wanaeleza kuwa tabaka ya juu ya ngozi ni kama ukuta: seli zake ni matofali, na mafuta ya asili yaliyomo baina yake ni udongo wa kujengea. Udongo huo ukipungua, kwa uzee, kwa sabuni kali, kwa hewa kavu au kwa maradhi ya ukurutu, maji ya mwilini hutoka nje na vitu vya kuwasha huingia ndani. Mafuta ya kupaka hayaongezi maji katika ngozi; kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasitoroke. Ndiyo maana hufaa zaidi yakipakwa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevu.

Mwaka 2004 matabibu wa Ufilipino walitangaza matokeo ya jaribio kwa watu 34 wenye ngozi kavu. Baadhi walipakwa mafuta ya nazi na wengine mafuta safi ya madini, na makundi yote mawili yalipata nafuu bila ya dhara. Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo kutoka hospitali ya watoto ya Dhaka, Bangladesh: watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipungukiwa na maambukizo ya hospitalini kwa asilimia 41 kuliko wasiopakwa. Lakini mafuta ya haradali, ambayo akina mama wengi wa Bara Hindi huwasugulia watoto, yalionekana katika majaribio ya wanyama kuwa yanaudhoofisha ukuta wa ngozi. Na mwaka 2013 wachunguzi wa Uingereza walikuta kuwa hata mafuta ya zeituni, yakipakwa mara kwa mara, yaliudhoofisha ukuta huo kwa watu waliowajaribu, na ya alizeti hayakufanya hivyo.

Jambo hili lisimtie mtu shaka katika dini yake. Zeituni ni mti uliobarikiwa kwa maneno ya Qurani, na Mtume (s.a.w.) ameusia kuyala mafuta yake na kujipaka. Baraka ya kitu haimaanishi kuwa kinafaa kila ngozi kwa kila kipimo; asali imetajwa kuwa ni ponyo, na tabibu humkataza mtoto mchanga asilambe asali. Elimu ya kipimo ni sehemu ya kuishukuru neema.

HATARI NA AMANA YA SOKO

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Katika miji ya Waislamu ya zamani palikuwa na ofisa aitwaye muhtasibu, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda amana ya soko. Al-Shayzari, aliyeandika katika karne ya 12 kitabu cha kuwaongoza maofisa hao, aliweka milango juu ya wauza dawa na wauza manukato, akaeleza hila zao za kuchanganya kitu duni na kitu cha thamani, na njia za kuzigundua. Msingi wa kazi yake ni kisa kinachojulikana cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, akakuta umajimaji uliofichwa chini, akamkemea mwenye mali.

Leo hila ni nyingi zaidi. Mwaka 2004 wachunguzi wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda za kumeza zilizonunuliwa katika maduka ya Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Kosa hilo halikuwa la mafuta ya kupaka, lakini linafundisha kuwa neno mitishamba juu ya karatasi si hati ya usalama. Lililo karibu zaidi na watu wa nchi hizi ni malhamu za kung'arisha ngozi, ambazo huuzwa pamoja na mafuta ya dawa na wakati mwingine kwa jina la mitishamba. Baadhi yake zimekutwa na zebaki, ambayo huharibu mafigo; nyingine zina haidrokwinoni, au steroidi kali ambazo huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Mapatano ya mataifa ya Minamata, ya mwaka 2013, yaliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni. Hata hivyo biashara hiyo haijafa. Binti aliyenunua mafuta ya kutuliza mwasho akarudi na malhamu ya kubadili rangi aliyopewa na Mola wake, amedhulumiwa mara mbili: katika mali yake na katika mwili wake. Na Mwislamu anayeuza kitu hicho hali anajua, na ajiulize atajibu nini siku ya hesabu.

Yapo pia mambo ya tahara. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutiwa mkojo wa ng'ombe, nao katika madhehebu ya Shafii ni najisi. Na baadhi ya dawa zao za kunywa huchachushwa mpaka zikawa na ulevi. Basi mnunuzi aulize kilichomo, au asomewe na mjuzi, kabla ya kununua. Kisichojulikana kilichomo hakina ulazima wa kupakwa, na mafuta safi ya nazi au ya alizeti yanapatikana kwa bei nafuu.

KHITIMA

Ama jawabu la swali la kwanza, tarehe yenyewe imekwisha kulitoa: dawa ya halali ni halali, ayapike nani mafuta yake, maadamu hamna ndani yake najisi, wala sumu, wala shirki. Mwislamu atasema Bismillahi anapojipaka, wala hatosoma wala kutundika maneno ya kuomba asiyekuwa Mwenyezi Mungu.

Na adabu za matumizi ni hizi. Mafuta mapya yajaribiwe kwanza mahali padogo pa mkono, na kungojewa siku moja au mbili, kwa sababu hata mmea mzuri huweza kumdhuru mtu mmoja na kumfaa mwingine. Yasipakwe juu ya jeraha bichi wala pahala penye usaha. Mtoto mchanga asipakwe mafuta ya dawa bila ya shauri la tabibu. Na mwasho usiokwisha kwa wiki mbili, au unaowapata watu wa nyumba nzima, au unaotokea pamoja na homa, upelekwe hospitali. Kwa maana huenda ni upele wa kuambukiza au maradhi ya ndani, na mafuta hayaondoi hayo.

Wazee wa umma huu waliichukua elimu kutoka kwa Mhindi, Myunani na Mfarsi, wakaipima, wakaisafisha, wakawaachia walimwengu. Kizazi cha sasa hakikuombwa kufasiri vitabu vya Sushruta. Kimeombwa jambo jepesi zaidi: kuuliza kabla ya kupaka, na kusema kweli kabla ya kuuza.

Mwenyezi Mungu atupe afya ya miili na usafi wa nyoyo, awaponye wagonjwa wetu, na atie baraka katika masoko yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.